SURA YA SITA: KUSOMA NA KUJIBU BARUA YA KIKAZI ISIYOELEWEKA KWA URAHISI
(Mfano: barua kuhusu ruzuku ya kaya)

6.0 Utangulizi

Mtahiniwa mpendwa, mada ya barua ya kikazi umeisoma tangu kidato cha kwanza. Unajua anwani ya mwandishi inakaa wapi, tarehe inakaa wapi, na kichwa cha habari kinaandikwaje. Hata hivyo, kujua umbo la barua na kujua barua inasema nini ni mambo mawili tofauti. Watahiniwa wengi hupata alama za muundo na kupoteza alama za maudhui, kwa sababu hawakuelewa kwanza jambo linalojibiwa.

Lipo pia jambo lililo nje ya chumba cha mtihani. Katika nyumba nyingi, wewe wa kidato cha nne ndiye msomaji wa nyumba. Barua ikitoka halmashauri, mfuko wa hifadhi ya jamii au Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hupewi muda wa kujiandaa. Bibi anakukabidhi bahasha na kukuuliza, "Wanasemaje?" Ukikosea kusoma, fedha ya sare, ya daftari au ya dawa inaweza kukosekana. Kwa hiyo sura hii ina faida mbili: moja ni ya mtihani, nyingine ni ya nyumbani.

Baada ya kusoma sura hii utaweza:
(a) kueleza sifa za rejesta ya kiofisi zinazofanya barua iwe ngumu kueleweka;
(b) kusoma barua ya kikazi kwa hatua na kubaini uamuzi, sababu, muda na kinachotakiwa;
(c) kufupisha barua hiyo kwa maneno machache;
(d) kuandika barua ya kuijibu kwa muundo sahihi.

6.1 Mambo ya kufahamu kabla ya kusoma barua

Barua tutakayoitumia inahusu ruzuku ya kaya. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake TASAF, ulianza kazi nchini mwaka 2000. Mwaka 2012 ulianzishwa Mpango wa Kunusuru Kaya, ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa mwaka 2020. Chini ya mpango huo, kaya zenye hali duni hupewa fedha. Sehemu ya fedha hizo hufungamana na masharti. Sharti linalokuhusu zaidi wewe mwanafunzi ni la elimu: mtoto wa kaya aliye shuleni anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kwa watoto wadogo, sharti ni kupelekwa kliniki.

Hili si jambo la Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kutoa Pensheni Jamii kwa wazee wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Kenya nayo ina mpango wa Inua Jamii. Popote fedha ya serikali inapogawiwa, zitakuwepo barua, na lugha yake itafanana na hii utakayoisoma.

6.2 Kwa nini barua za ofisi huchanganya?

Rejesta ni lugha inayotumika mahali fulani kwa shughuli fulani. Rejesta ya kiofisi ina sifa zake, na sifa nne kati ya hizo ndizo humchanganya msomaji.

(i) Kauli ya kutendwa. Barua husema "imebainika", "imeamuliwa", "imesitishwa". Mtendaji hatajwi. Msomaji hajui ni nani aliyebaini wala ni nani wa kuulizwa. Kila ukutanapo na kitenzi cha namna hii, jiulize: "Nani kafanya?" Kama barua haijibu, tazama kwenye sahihi na kwenye orodha ya nakala. Mara nyingi mhusika yupo hapo.

(ii) Nafsi ya tatu badala ya nafsi ya pili. Barua anaandikiwa bibi, lakini ndani yake hasemeshwi. Inasema "kaya inakumbushwa" au "mlengwa anatakiwa". Bibi anaweza kudhani wanasemwa watu wengine. Dawa yake ni kubadilisha: penye "kaya" au "mlengwa" weka "wewe", kisha soma tena.

(iii) Maneno ya kawaida yenye maana maalumu. Neno "kuhitimu" kwako ni jambo la kushangilia. Katika mpango wa ruzuku, kaya ikiambiwa "imehitimu" maana yake imeonekana hali yake imeimarika, hivyo inatoka katika mpango na haitalipwa tena. Neno ni moja, lakini kwa mwanafunzi ni sherehe na kwa kaya ni mwisho wa malipo.

(iv) Sentensi ndefu zenye masharti ndani yake. Maneno kama "endapo", "isipokuwa", "bila kuathiri" na "hadi hapo" hugeuza maana ya sentensi nzima. Asiyeyaona hutoka na habari kinyume na ile iliyoandikwa.

6.3 Barua ya mfano

Soma barua ifuatayo mara moja bila kuandika chochote. Barua hii imetungwa kwa ajili ya mazoezi, na majina na namba zote ni za kubuni.

HALMASHAURI YA WILAYA
Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji,
S.L.P. 15,
HERI.

Kumb. Na. HW/RK/24/17
4 Machi 2024

Ndugu Subira Tumaini,
Mwakilishi wa Kaya,
Kijiji cha Heri.

YAH: KUSITISHWA KWA SEHEMU YA RUZUKU YA KAYA

1. Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

2. Kufuatia uhakiki wa utekelezaji wa masharti ya elimu kwa kipindi cha Januari na Februari 2024, imebainika kuwa mwanakaya mmoja (1) mwenye stahiki ya ruzuku ya elimu hakufikia kiwango cha mahudhurio cha asilimia themanini (80%) kinachotakiwa.

3. Kwa mantiki hiyo, ruzuku ya elimu inayomhusu mwanakaya huyo imesitishwa kuanzia malipo yajayo, bila kuathiri ruzuku ya msingi ya kaya, hadi hapo itakapothibitishwa vinginevyo.

4. Endapo kaya haijaridhika na uamuzi huu, inashauriwa kuwasilisha malalamiko kwa maandishi, yakiambatanishwa na vielelezo, kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji ndani ya siku kumi na nne (14) tangu tarehe ya barua hii. Malalamiko yatakayowasilishwa nje ya muda huo hayatashughulikiwa isipokuwa kwa sababu za msingi.

5. Aidha, kaya inakumbushwa kuwa uwasilishaji wa malalamiko hautozwi malipo yoyote.

6. Nakutakia utekelezaji mwema.

(Sahihi)
K.n.y. MKURUGENZI MTENDAJI

Nakala: Afisa Mtendaji wa Kijiji, Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi.

Habari za ziada: Barua ilifika mikononi mwa Bibi Subira Jumanne tarehe 12 Machi 2024. Mjukuu wake anayesoma shule ya msingi alihamishiwa shule nyingine kuanzia tarehe 22 Januari, na huko amekuwa akihudhuria vizuri. Bibi amesikia neno "kusitishwa" akalia, akidhani kaya yake imefutwa kabisa.

6.4 Hatua tano za kusoma

Hatua ya kwanza: Anza na kichwa cha habari, tarehe na kumbukumbu namba.
Kichwa kinasema "sehemu ya ruzuku". Neno "sehemu" peke yake linatosha kumfuta bibi machozi, maana si ruzuku yote. Tarehe ni 4 Machi. Kumbukumbu namba iandike pembeni, kwa kuwa utaihitaji wakati wa kujibu. Ofisini, barua yako ya majibu hutafutiwa jalada lake kwa namba hiyo.

Hatua ya pili: Tafuta uamuzi.
Pitisha kalamu chini ya kitenzi kinachobeba uamuzi. Hapa ni "imesitishwa". Tukichanganue kama ulivyofundishwa katika sarufi: i-me-sit-ish-w-a. Kiambishi i- ni cha upatanisho wa ngeli ya I-ZI (ruzuku), -me- huonyesha hali timilifu, -sit- ni mzizi, -ish- ni mnyambuliko wa kutendesha, -w- ni wa kutendwa, na -a ni kiishio. Mzizi huu unatoka katika "sita", yaani kusimama kidogo kwa mashaka. Kusitisha basi ni kulifanya jambo lisimame, si kulifuta. Kama ofisi ingekusudia kufuta, ingeandika "imefutwa", au ingesema kaya "imeondolewa katika mpango".

Hatua ya tatu: Tafuta maneno yanayogeuza maana.
Katika aya ya 3 yapo mawili. "Bila kuathiri ruzuku ya msingi ya kaya" maana yake fedha ya msingi itaendelea kulipwa. "Hadi hapo itakapothibitishwa vinginevyo" maana yake mlango uko wazi: ukionyesha kuwa taarifa haikuwa sahihi, uamuzi unaweza kubadilika. Angalia pia "inashauriwa" katika aya ya 4. Neno hilo lina sauti ya ushauri, lakini sentensi inayolifuata inaonyesha kuwa asiyefuata ushauri huo hatasikilizwa. Katika rejesta ya kiofisi, ushauri wenye muda wa mwisho ni sharti.

Hatua ya nne: Hesabu muda.
Hapa ndipo wengi huanguka, katika mtihani na katika maisha. Barua imesema siku 14 "tangu tarehe ya barua hii", si tangu siku ilipopokelewa. Tarehe ya barua ni 4 Machi. Siku ya kwanza ni tarehe 5 na siku ya kumi na nne ni tarehe 18 Machi. Bibi alipokea barua tarehe 12, kwa hiyo zimebaki siku 6 tu, na mbili kati ya hizo (tarehe 16 na 17) ni Jumamosi na Jumapili. Anayehesabu kuanzia siku ya kupokea ataishia tarehe 26 Machi, akiwa amechelewa kwa siku 8. Ushauri wangu: usilenge siku ya mwisho. Peleka barua Alhamisi au Ijumaa ya wiki hiyohiyo.

Hatua ya tano: Linganisha sababu ya ofisi na ukweli unaoujua.
Ofisi inasema mahudhurio hayakufika asilimia 80. Usikasirike kabla ya kupiga hesabu. Tuchukulie kuwa shule zilikuwa na siku 38 za masomo kati ya tarehe 8 Januari na 29 Februari. Asilimia 80 ya 38 ni 30.4, hivyo mtoto alihitaji siku zisizopungua 31. Katika shule ya kwanza alihudhuria siku 9 kabla ya kuhama. Katika shule ya pili alihudhuria siku 27.

Mahudhurio kwa rejesta ya shule ya kwanza pekee: 9 ÷ 38 × 100 = 23.7%
Mahudhurio ya shule zote mbili: 36 ÷ 38 × 100 = 94.7%

Sasa tatizo limeonekana. Taarifa iliyotumwa ina ukweli nusu: imehesabu siku za shule moja tu. Ofisi haikudanganya, na mtoto hakutoroka. Kinachokosekana ni karatasi inayounganisha shule mbili. Barua ya malalamiko itajengwa juu ya jambo hilo moja.

Zingatia: laiti mtoto angekuwa mtoro kweli, barua ya malalamiko isingemsaidia. Jibu sahihi lingekuwa kumrudisha darasani ili kipindi kijacho atimize sharti. Kusoma barua vizuri kunajumuisha kujua kama una hoja au huna.

6.5 Msamiati

Ruzuku: fedha inayotolewa na serikali kusaidia, isiyorudishwa kama mkopo.
Kaya: watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, wakiwa na mkuu mmoja.
Mwanakaya: mtu mmojawapo katika kaya.
Stahiki: haki ya kupata kitu kwa kuwa umetimiza vigezo.
Uhakiki: ukaguzi wa kuthibitisha kama taarifa ni za kweli.
Vielelezo: karatasi za kuthibitisha maelezo, mfano barua ya uhamisho.
Kuwasilisha: kufikisha kitu kwa mhusika.
Endapo: kama, ikiwa.
Aidha: pia, vilevile. (Wanafunzi wengi hulitumia kwa maana ya "ama". Katika barua hii ni "pia".)
Vinginevyo: kwa namna tofauti na hiyo.
Malimbikizo: fedha zilizopaswa kulipwa zamani zikakusanyika.
K.n.y.: kwa niaba ya.
K.K.: kupitia kwa.

6.6 Maswali ya ufahamu na majibu

Swali la 1. Je, kaya ya Bibi Subira imeondolewa katika mpango? Thibitisha kwa kutumia barua.
Jibu: Hapana. Kilichositishwa ni ruzuku ya elimu ya mtoto mmoja tu, na aya ya 3 inasema uamuzi huo hauathiri ruzuku ya msingi.

Swali la 2. Malalamiko yanapelekwa kwa nani, na yanaandikwa kwa nani?
Jibu: Yanaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji aliyetoa uamuzi, ila yanapita kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Swali la 3. Mtu mmoja amemwambia Bibi Subira atoe fedha kidogo ili malalamiko yake "yasukumwe". Tumia barua kumshauri bibi.
Jibu: Asitoe. Aya ya 5 inasema uwasilishaji wa malalamiko hautozwi malipo yoyote. Anayedai malipo anakwenda kinyume na barua.

Swali la 4. Kwa nini nakala ilipelekwa kwa Mwalimu Mkuu?
Jibu: Kwa sababu taarifa ya mahudhurio hutoka shuleni, na yeye ndiye anayeweza kuisahihisha au kuithibitisha.

Angalia kwamba hakuna jibu hata moja lililonakili sentensi nzima ya barua. Mtahini anataka kuona umeelewa, si kwamba unajua kunakili.

6.7 Ufupisho

Swali: Fupisha aya ya 2, 3 na 4 kwa maneno yasiyozidi 45.

Kwanza orodhesha mawazo makuu: sababu, uamuzi, kisichobadilika, cha kufanya, muda. Kisha yaunganishe:

Mtoto mmoja hakufikisha mahudhurio ya asilimia 80 Januari na Februari, hivyo ruzuku yake ya elimu imesimamishwa kwa muda. Ruzuku ya msingi inaendelea. Asiyeridhika apeleke malalamiko ya maandishi yenye vielelezo kwa mtendaji wa kijiji ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua. (Maneno 41)

Ufupisho huu ndio pia jibu la bibi anapouliza, "Wanasemaje?" Kama huwezi kumweleza akaelewa, bado hujafupisha. Unapomsomea, mweleze kwanza lililo salama, kisha lililosimama, kisha la kufanya. Usimsomee "kusitishwa" ukanyamaza.

6.8 Kuandika majibu

Barua ya kujibu ijengwe kwa aya fupi, kila moja na kazi yake:
Aya ya kwanza: taja barua unayoijibu, tarehe yake na kumbukumbu namba yake.
Aya ya pili: taja unachopinga na sababu yake.
Aya ya tatu: orodhesha vielelezo.
Aya ya nne: omba jambo moja lililo wazi.
Mwisho: shukrani fupi.

Mfano:

Kijiji cha Heri,
S.L.P. 40,
HERI.
13 Machi 2024.

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya,
S.L.P. 15,
HERI.

K.K. Afisa Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha Heri.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUSITISHWA KWA RUZUKU YA ELIMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninajibu barua yako yenye Kumb. Na. HW/RK/24/17 ya tarehe 4 Machi 2024, niliyoipokea tarehe 12 Machi 2024.

Barua hiyo inaeleza kuwa mwanakaya mmoja hakufikia mahudhurio ya asilimia 80 kwa Januari na Februari 2024. Napenda kueleza kuwa mtoto huyo alihamia shule nyingine ya msingi kuanzia tarehe 22 Januari 2024. Alihudhuria siku 9 katika shule ya kwanza na siku 27 katika shule ya pili. Jumla ni siku 36 kati ya siku 38 za masomo, sawa na asilimia 94.7. Inaonekana taarifa iliyotumika ni ya shule ya kwanza pekee.

Ninaambatanisha nakala za vielelezo vifuatavyo:
(a) barua ya uhamisho wa mwanafunzi;
(b) taarifa ya mahudhurio kutoka shule ya kwanza;
(c) taarifa ya mahudhurio kutoka shule ya pili, yenye sahihi na mhuri wa Mwalimu Mkuu.

Kwa barua hii naomba taarifa za mtoto huyu zirekebishwe na ruzuku yake ya elimu irejeshwe.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

(Alama ya dole gumba)
Subira Tumaini
Mwakilishi wa Kaya

Imeandikwa na mjukuu wake kwa maelezo yake na kusomwa kwake kabla ya kuwekwa alama.

Maelezo kuhusu barua hii:

Mosi, mwandishi kwa mujibu wa barua ni bibi, si wewe. Wewe umeshika kalamu tu. Ndiyo maana jina lake ndilo linalokaa mwisho. Msomee barua yote kabla hajaweka dole gumba, kwa kuwa alama hiyo ina uzito uleule wa sahihi.

Pili, barua haina hasira. Haisemi "mmetuonea" wala "mnapendelea". Imetoa tarehe, siku na hesabu. Afisa anayesoma barua nyingi kwa siku hushughulikia haraka ile inayomwonyesha mahali pa kurekebisha.

Tatu, imeomba jambo moja. Mtahiniwa anayeomba ruzuku irejeshwe, kisha akaomba kisima cha kijiji na ajira ya mjomba, amepoteza mada.

Nne, vielelezo vilivyoambatanishwa ni nakala. Karatasi halisi zibaki nyumbani. Andaa pia nakala ya barua yenyewe, na unapoipeleka kwa Mtendaji mwombe aandike tarehe, asaini na kugonga mhuri kwenye nakala yako. Kukitokea ubishi kwamba ulichelewa, mhuri huo ndio shahidi wako.

Tano, usiandike katika barua namba ya siri ya simu au ya benki, wala usimtajie mtu yeyote anayejitambulisha kuwa afisa. Hakuna malalamiko yanayohitaji namba ya siri.

6.9 Makosa yanayojirudia

1. Kuandika salamu za barua ya kirafiki, mfano "Hujambo? Sisi huku hatujambo" katika barua ya kikazi.
2. Kusahau kichwa cha habari, au kukiandika kwa sentensi ndefu ya mistari mitatu.
3. Kusahau K.K. wakati barua imeagiza ipitie kwa mtu mwingine.
4. Kuchanganya "sitisha", "futa" na "ahirisha". Kusitisha ni kusimamisha, kufuta ni kuondoa kabisa, na kuahirisha ni kusogeza mbele.
5. Kukosea upatanisho: "malalamiko yangu imepokelewa" badala ya "malalamiko yangu yamepokelewa".
6. Kuandika sahihi bila jina. Sahihi peke yake haimtambulishi mtu.
7. Katika mtihani, kutumia jina lako halisi wakati swali limekupa jina la kutumia. Fuata swali.

6.10 Zoezi la kujipima

Soma sehemu ifuatayo ya tangazo lililotungwa kwa ajili ya zoezi, kisha jibu maswali.

"Wastaafu wote wanaolipwa pensheni kila mwezi wanatakiwa kuhakikiwa kabla au ifikapo tarehe 30 Juni. Mstaafu ambaye hatakuwa amehakikiwa hadi tarehe hiyo, pensheni yake itasitishwa kuanzia mwezi unaofuata na itarejeshwa pamoja na malimbikizo yake mara baada ya uhakiki kukamilika. Wastaafu wasioweza kufika kutokana na ugonjwa watoe taarifa kupitia wategemezi wao."

1. Babu alikuwa amelazwa mwezi wote wa Juni na hakuhakikiwa. Pensheni ya Julai haikuingia. Anasema, "Serikali imenidhulumu, fedha ya Julai imekwenda." Je, ni kweli? Eleza kwa maneno yako.
2. Kwa nini ofisi inayolipa pensheni huhitaji kuwahakiki wastaafu?
3. Changanua kitenzi "itarejeshwa".
4. Fupisha tangazo hili kwa maneno yasiyozidi 25.
5. Andika barua ya kikazi kwa niaba ya babu, ukieleza sababu ya kutohakikiwa kwa wakati na kuomba utaratibu wa kuhakikiwa akiwa nyumbani. Jina la babu liwe Baraka Subira.

Mwongozo wa majibu

1. Si kweli. Pensheni imesitishwa tu. Akikamilisha uhakiki atalipwa pamoja na malimbikizo, yaani hata fedha ya Julai atapewa. Hata hivyo, familia ilipaswa kutoa taarifa ya ugonjwa mapema.
2. Ili kuthibitisha kuwa anayelipwa yu hai na ndiye mwenye haki, fedha isiende kwa asiyestahili.
3. I-ta-rej-esh-w-a: i- ni upatanisho wa ngeli ya I-ZI (pensheni), -ta- wakati ujao, -rej- mzizi, -esh- kutendesha, -w- kutendwa, -a kiishio.
4. Wastaafu wahakikiwe hadi 30 Juni. Asiyehakikiwa pensheni yake itasimama, kisha italipwa na malimbikizo akihakikiwa. Wagonjwa watoe taarifa kupitia wategemezi. (Maneno 19)
5. Fuata muundo wa 6.8. Kielelezo muhimu ni cheti cha hospitali kinachoonyesha tarehe za kulazwa. Usisahau namba ya mstaafu.

Kwa kufunga sura hii, rudia hatua tano bila kutazama kitabu: kichwa, tarehe na kumbukumbu, uamuzi, maneno yanayogeuza maana, muda, ulinganisho na ukweli. Ukishazishika, chukua barua yoyote ya ofisi iliyopo nyumbani, hata ile ya zamani iliyohifadhiwa kabatini, uisome kwa hatua hizo na kuifupisha kwa maneno 40. Fanya hivyo mara tatu kabla ya mtihani. Huenda ukagundua katika mojawapo tarehe ambayo bado haijapita.